Kosa la Lile Faili Lilikuwa Langu, Kaka

Kaka Paskali,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa nne simu yako haipatikani. Wajomba wa Dongobesh wanasema ulilala kwao siku moja, ukaondoka bila kusema unakokwenda. Ndiyo maana nakuandikia mbele ya watu wote. Labda mtu atakusomea. Hata usiponijibu, nataka ujue.

Unakumbuka ile kompyuta ya mtumba uliyoileta nyumbani Gitting, umeifunga kwenye blanketi la baba? Mama alikuwa anachambua maharage, wewe ukanikalisha kwenye kigoda ukaanza kunifundisha. "Faili halina akili, Regina," ulisema. "Linashika kile ulichoandika mwisho, basi." Nikacheka. Niliona ni jambo dogo.

Ile programu ya kliniki ya wajawazito uliiandika kwa ajili ya kompyuta moja ya mapokezi, na mtu mmoja wa kuandika. Haikusumbua hata siku moja. Kisha ukaenda Babati kwa kazi nyingine, na manesi wakaniomba waweze kuandika kwenye vishikwambi, kila mmoja mezani kwake. Nikawaunganishia. Sikukuambia. Nilitaka urudi ukute, ushangae, uniambie nimeiva.

Mama Elia alikuja kutoka Gehandu, mimba yake changa. Nesi wa meza ya kwanza aliandika kwamba penisilini inamdhuru. Wakati huohuo nesi wa mizani aliandika uzito wake. Wote wawili wakabonyeza kuhifadhi. Uzito ukabaki, onyo likapotea, na hakuna aliyeona. Miezi ilipita, akaletwa ana homa kali, hata kuongea hawezi. Nesi akatazama kishikwambi, hakuna onyo, akamchoma sindano ya penisilini. Alivimba koo, pumzi ikakata. Mama walimwokoa. Mtoto aliyekuwa tumboni hawakuweza.

Na kile kikao cha kliniki ulichorudi kutoka Babati kuhudhuria, kaka. Mume wake hakupiga kelele. Alisema tu, "Naomba kumjua aliyetengeneza hiki kitu." Ukasimama ukasema, "Ni mimi, mzee." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako, nikijua habari ya vishikwambi, nikatazama sakafu. Asubuhi yake kitanda chako kilikuwa kitupu.

Nikaanza kutafuta kosa. Nilisoma msimbo wako, yale maagizo uliyoiandikia programu, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa sahihi. Nikijaribu peke yangu, kila kitu kinakaa sawa. Nikiongeza mistari ya kunionyesha kila hatua, programu inakwenda polepole na kosa linajificha. Wiki baada ya wiki. Nitakuambia ukweli hata kama utanichukia: nilifika mahali nikaomba Mungu kosa liwe lako.

Nesi Basilisa ndiye aliyenifungua macho. "Dada, wewe unajaribu peke yako," aliniambia. "Sisi hapa hatuandiki mmoja mmoja." Akachukua kishikwambi kimoja, mimi kingine, tukafungua kadi ya mgonjwa wa kubuni. "Moja, mbili, tatu!" Tukabonyeza pamoja. Hakuna kitu. Tukarudia, tukarudia, mpaka mara moja uzito nilioandika mimi ukaonekana na onyo aliloandika yeye halikuwepo. Nikakaa chini palepale.

Kila kishikwambi nilikipa uzi wake, yaani njia yake ya kazi, ndani ya programu, ili kazi ziende kwa pamoja. Kila uzi ulisoma faili lote, ukaongeza lake, ukaliandika upya lote. Nyuzi mbili zikisoma kwa wakati mmoja, wa mwisho kuandika unafuta kazi ya mwenzake bila kujua. Kwa mtu mmoja, msimbo wako ulikuwa salama. Mimi ndiye niliyewaingiza watu wengi mlangoni bila kuweka kufuli.

Nikaweka kufuli: uzi mmoja ushike faili kuanzia kusoma hadi kumaliza kuandika, nyingine zisubiri. Asubuhi yake programu nzima ikaganda. Uzi mmoja ulishika faili la kadi ya mgonjwa ukisubiri faili la orodha ya wagonjwa wa siku, mwingine umeshika orodha ukisubiri kadi ileile. Kina mama wamejaa kwenye mabenchi, watoto wanakohoa, manesi wanahangaika kutafuta madaftari. Nilikwenda nyuma ya jengo, kwenye upepo ule wa mlimani, nikalia kwa sauti. Nilikuita, kaka. Nilikuita kwa jina.

Siku mbili baadaye nikapata: kila uzi uchukue orodha kwanza, kisha kadi, pasiwe na unaogeuza mpangilio huo. Basilisa na wenzake wakabonyeza pamoja mpaka vidole vikawauma. Halikupotea neno hata moja.

Nikaomba kikao kingine, nikasema yote. Wakuu wa kliniki wameniambia nisiguse tena ile kompyuta mpaka watakapoamua. Ni haki yao. Baba hajasema nami neno tangu siku ile. Mama anaweka sahani yako mezani kila mlo, na mimi siwezi kumwambia aiondoe.

Kisha nikaenda Gehandu. Nilitembea nikitamani njia isiishe. Mama Elia alinipa kiti, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, nikafikiri atamwita mume wake anitoe. Nikasema, "Pole, mama." Akasema, "Pole yako nimeisikia. Sijui kama naweza kuipokea." Nikainuka kuondoka. Nilikuwa nimeshafika uani aliponiita.

"Na yule kaka yako aliyesimama siku ile, yuko wapi?"

"Hatujui, mama."

"Mtafuteni," akasema. "Wangu hawezi kurudi. Wenu anaweza."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Yangu hayana uzito wa kukurudisha. Labda yake yanao.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuacha usimame peke yako,
Regina