Tajiri Aliyevunja Baraza

Shikamoo Shangazi Tausi,

Nipo Shinyanga mjini, kwenye mtaa ule wa maduka ya zamani ya Wahindi ulikonishoneshea magauni ya Idi. Jua bado linachoma vilevile. Tajiri mmoja wa almasi kutoka Maganzo amenunua duka la kona, akavunja baraza lote na mlango wa nakshi, akaweka vioo kutoka juu mpaka chini. Eti maendeleo! Ndani kuna joto la tanuri. Mafundi cherehani aliowafukuza barazani wamehamia ng'ambo ya barabara, kwa Mama Kulwa. Huyu mama aliuza ng'ombe watatu, akabadilisha bati na kuziba nyufa za jengo lake kuukuu, baraza akaliacha kama lilivyojengwa. Sasa wateja wote wako kwake, wanakula maandazi wakisubiri nguo zao.

Leo tajiri mwenyewe kaja kunywa chai hapo, jasho limelowesha tai yake. Akasema kwa sauti, "Mama, niuzie na hili gofu nilivunje, mji upendeze."

Mama Kulwa akamjazia kikombe. "Nikikuuzia, baba, kesho utapumzikia wapi?"

Mafundi walicheka mpaka cherehani zikasimama. Bwana yule alimaliza chai, akarudi kwenye vioo vyake. Mpaka naandika hajaingia mteja hata mmoja.

Nimekukumbuka sana, Shangazi. Mungu akutunzie magoti yako, na unibusie watoto wote hapo nyumbani.

Mwanao,
Zuhura