Jumapili za Mama Odia

Jumatatu, 1 Machi

Nimefua. Maji ya bomba yalikuja asubuhi, yakakatika kabla sijasuuza. King'ora cha mgodi hakikulia leo pia. Nimechemsha tangawizi, halafu nikakumbuka hakuna wa kuinywa.

Jumatatu ilikuwa siku ya tangawizi. Mume wangu Fideli aliamka hana sauti, maana Jumapili aliimaliza yote ukumbini. Filamu zilisema Kifaransa. Yeye alisimama kando ya kitambaa cheupe na baragumu lake la bati, akawaeleza watu kwa Kiswahili. Nilimzika msimu wa mvua uliopita. Nimeinywa mwenyewe. Kali.

Alhamisi, 4 Machi

Tata Mwepu, msimamizi wa ukumbi, amekuja. Filamu mpya ya Tata Kamba imefika kwa treni kutoka Lubumbashi. Ya nne. Tulidhani zimeisha zamani. Waliotazama ya kwanza wakiwa watoto sasa wana watoto wao. Jina la kweli la yule mzungu wa kwenye filamu hakuna anayelikumbuka hapa Kolwezi. Fideli ndiye aliyemwita Tata Kamba, yaani Baba Kamba, kwa sababu kila mara aliokoka kwa kamba: mtoni, pangoni, juu ya moto.

Nilifurahi. Kisha Mwepu akasema atakayeieleza filamu ni Mama Odia, Jumapili ya tarehe 21, na mama huyo anaomba baragumu la Fideli.

Nikasema limeharibika. Liko chini ya kitanda. Halina kasoro.

Ijumaa, 5 Machi

Mama Odia, muuza karanga. Miaka yote alikaa nyuma ya ukumbi, karibu na mashine, na beseni lake. Anajua kila neno la Fideli. Mimi sijui hata moja.

Sikuwahi kwenda. Alinikataza. Alisema, "Nikikuona mule ndani nitasahau yote." Niliamini. Watoto walikuwa wadogo, kisha wakakua, na mimi nilikuwa nimeshazoea kubaki.

Bombani Mama Ngoie, jirani yangu, amenitania mbele ya wote: "We ulikuwa bibi ya nguo chafu. Odia njo bibi ya sauti!" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nina wivu. Si wivu wa kitanda, huo ningejua pa kuupeleka. Yeye alipata Jumapili. Mimi nilipata Jumatatu.

Jumapili, 7 Machi

Baada ya misa vijana walimzunguka Mama Odia ukutani pa kanisa. Wanataka awaonjeshe kabla ya siku yenyewe. Akaweka viganja kinywani, akaita kama Fideli alivyoita kabla Tata Kamba hajaruka: "Kolwezi, mushike roho!"

Mwishoni sauti ilishuka kidogo. Fideli aliishusha hivyohivyo akiwaita watoto kula. Hilo sikuwa nalo tena. Nililipata kutoka kwa Odia.

Nilitaka kumziba mdomo. Nilitaka pia aseme mara ya pili.

Jumanne, 9 Machi

Vijana wamepita mtaani na marungu. Watu wa Kasai watoke, warudi kwao. Wanawaita bilulu, wadudu. Wengine ni haohao waliokuwa ukutani pa kanisa.

Mama Odia ni wa Kasai kwa wazazi, lakini amezaliwa hapa. Mama yake amezikwa hapa, si mbali na Fideli.

Nimefunga mlango. Wazo la kwanza lililonijia: basi hataieleza filamu. Naliandika kwa sababu lilikuja, na lilikuja likiwa tamu. Halafu nikafunika sufuria ya bukari, ugali wetu, bila kula.

Alhamisi, 11 Machi

Nyumba ya Mama Odia haina mlango tena. Wamebeba mlango, wamebeba mabati. Jiko lake la makaa limeachwa nje, limejaa maji ya mvua.

Watu wa Kasai wote wako stesheni. Wanasubiri treni ambayo hakuna anayejua itakuja lini. Tata Mwepu anasema filamu itaonyeshwa hivyohivyo, bila msemaji.

Nimetoa baragumu. Nikalifuta. Pembeni lina alama za meno ya Fideli, alizoea kuliuma akifikiri. Nimelirudisha chini ya kitanda.

Jumamosi, 13 Machi

Nimekwenda. Nilibeba sufuria ya bukari na sombe, majani ya muhogo, na baragumu nimelifunga ndani ya kitenge.

Stesheni watu wamejenga vibanda vya maturubai na magodoro kandokando ya reli. Moshi, vikohozi, watoto wanaharisha. Mtu anauliza jina la ndugu yake kila unapopita. Nilimkuta Mama Odia ameketi juu ya beseni lake la karanga alilolipindua.

"Mama Monika! Mi nilizani hautakuya."

Nikampa chakula. Nikafungua kitenge. Akalitazama baragumu muda mrefu, kisha akacheka.

"Tata Mwepu aliniambia limeharibika."

Nikalisogeza mbele yake. Akasema, "Unaniletea ya nini? Kule tunaenda, sinema iko wapi? Rudisha ku nyumba, mama."

Nikamwambia nilichojia. Sikujua kama nilikijia mpaka kilipotoka. Nikasema sijawahi kumsikia Fideli, hata Jumapili moja. Nikamwomba anisemee.

Akaacha kula. "Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi ikala." Nikaketi kando yake.

Alinieleza filamu ya kwanza, yote, hata daraja linapokatika. Watoto wakasogea. Mzee mmoja aliyekuwa amelala akaamka, akaanza kumkosoa. Akaingia ya pili. Mwishoni, alisema, Tata Kamba anarudi kwao na mwanamke amesimama mlangoni, anamngoja.

"Ule mama alisema Kifaransa mingi, mingi sana. Tata Fideli alikuwa anaitupa yote. Alikuwa anasema tu: 'Umekula?'"

Wote waliotuzunguka, watoto, mzee, wanawake waliokuwa wakisonga bukari, wakajibu pamoja: "Bado, mama!"

Wakacheka. Stesheni ile, wakacheka.

"Kila mara," akasema. "Hata ku filme ya tatu. Bantu balikuwa bangojea ile tu. Njo maana alikukataza kukuya. Aliogopa utamukasirikia."

Umekula? Nilimwuliza Fideli hivyo kila jioni, mlangoni, hata kabla hajavua viatu. Na kila jioni alijibu hivyo, hata akiwa ameshiba.

Sikulia pale. Nimelia njiani.

Alhamisi, 18 Machi

Treni imeondoka jana. Niliposikia nilikimbia, nikakuta reli tupu na majiko yanayotoa moshi bado. Hatukuagana. Wivu umebaki na sina wa kumwonea.

Jumapili, 21 Machi

Nimekwenda ukumbini kwa mara ya kwanza. Nilikaa nyuma, karibu na mashine, mahali pake. Ni pa joto. Baragumu nililiweka magotini.

Viti vingi vitupu. Tata Kamba amezeeka. Nywele nyeupe, goti moja linamsumbua. Kamba anaipanda polepole, akipumzika. Kifaransa kilipita juu ya vichwa vyetu. Mtu mmoja mbele alipiga kelele, "Nani anasema?" Jirani yake akamvuta aketi. Tata Kamba alipotaka kuruka, nilisikia watu wakivuta pumzi, wakingoja. Sauti haikuja.

Mwishoni amerudi kwao. Yule mwanamke yupo mlangoni, mzee kama yeye. Akafungua mdomo.

Sikuinua baragumu. Nilisema kwa sauti yangu ya nyumbani.

"Umekula?"

Vichwa viligeuka. Kisha kutoka viti vya mbele, wachache, na mmoja baada ya mwingine:

"Bado, mama."

Nimerudi. Nimekaanga karanga kidogo. Kesho nitachemsha tangawizi.