Hotuba ya Bwana Harusi

Jumatatu, 8 Julai
Nimefunga saluni saa tano. Mteja mmoja nimemwacha nywele nusu. Mazoezi kwenye darasa la zamani hapa Mugumu. Mimi ni bibi harusi. Mwalimu Magige ndiye bwana harusi mzee. Ana miaka sabini na tatu, na ameucheza mchezo huu jukwaani tangu mama yangu yuko shule.

Kila mtu huku anaujua. Mzee tajiri anataka kuongeza mke, binti mdogo. Binti na mpwa wa mzee wanampangia hila. Siku ya harusi mzee anafunua shela, anamkuta mke wake wa siku zote. Watu hucheka mpaka machozi. Halafu mzee anatoa hotuba ya kumwomba mkewe msamaha, na ukumbi unanyamaza wenyewe.

Sasa Marwa, niliyesoma naye, anaufanya filamu. Ng'ombe wamekuwa malori ya mgodini Kewanja. Mpwa anaendesha bodaboda. Mimi nina simu mbili. Marwa anasema itakwenda kwenye tamasha Dar. Nina miaka ishirini na tisa na nimechoka kunuka dawa ya nywele. Naitaka hiyo Dar.

Jumatano, 10 Julai
Mwalimu ameniita kwa jina la mama yangu mara mbili. Mkewe, Mama Bhoke, alinifuata mpaka kwenye uzio.

"Mwanangu, mchana huwa anapotea kidogo. Asubuhi yuko sawa. Mwambie Marwa mshuti asubuhi. Na akikwama, wewe mpe neno la kwanza tu, atamalizia."

Nimeahidi. Nimemwambia Marwa yote. Akatabasamu. Hapo hapo nikajua nimekosea.

Jioni ratiba imeingia kwenye grupu. Zote mchana. Sikuandika kitu.

Alhamisi, 11 Julai
Najua ni kwa nini. Kidato cha pili, Mwalimu alimtoa Marwa kwenye mchezo huu mbele ya shule nzima. Alikuwa anameza maneno. "Mura, kijana wangu, mdomoni una ugali." Miaka miwili tulimwita Ugali. Mimi pia.

Jumamosi, 13 Julai
Tuko Nyansurura, tunashuti. Jua kali. Mwalimu alivaa koti nje ndani. Marwa akaweka kidole mdomoni, kamera ikaendelea. Mwalimu akasahau mkewe wa kwenye filamu anaitwaje, akamwita Mama Bhoke. Akamtafuta huku na huku. Wote tulicheka.

Hakuna aliyenilazimisha. Ilichekesha.

Jumanne, 16 Julai
Manchira, karibu na bwawa. Siku ya hotuba. Mwalimu alifika saa tatu, kabla ya wote, suti imepigwa pasi. Akasema tuanze, hana siku nzima. Marwa hakuwa na sababu ya kukataa.

Mara ya kwanza alisema yote. "Mke wangu, nimekutafuta kwingine kote, nawe ulikuwa hapa." Mpaka mwisho, hakukwama. Fundi wa kamera alijifuta macho. Wanawake waliokuja kuchota maji walisimama na ndoo zao.

"Safi sana, Mwalimu," Marwa akasema. "Turudie."

Tukarudia. Tena. Tena. Jua likapanda. Maji alinyimwa, eti ataharibu poda. Mara ya tano alianza kuruka maneno. Kabla ya mara ya saba Marwa akaja sikioni kwangu: akikwama, mpe maneno ya mwanzo wa mchezo, yale ya kumposa binti.

Alikwama. Akaniangalia. Nilisimama nikichungulia mlangoni mwa hema la harusi, kama bibi harusi aliyetoroka. Nikamnong'oneza: "Binti, jina lako nani?"

Akayapokea. Hakusita hata kidogo. Akapiga goti mbele ya mkewe wa kwenye filamu, akamwuliza jina lake nani na zizi la baba yake liko upande gani. Akaendelea hivyo hivyo, posa nzima, kwa sauti ya kijana. Akanigeukia.

"Tulikuwa wapi, Ghati?"

Jina langu safari hii amelipatia.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Marwa akasema imetosha, tumepata.

Alhamisi, 1 Agosti
Tarime, chumbani kwa Marwa. Anakata picha. Kompyuta imejaa, akauliza tufute nini. Akafungua ile ya kwanza ya Manchira. Tuliitazama yote. Dakika nne. Mimi nimo kwa nyuma, ukungu tu, huwezi kujua ni nani. Kwenye ile ya saba uso wangu umejaa kioo kizima, nanong'ona. Napendeza.

Nikasema futa.

Jumapili, 18 Agosti
Ukumbi wa parokia, baada ya misa. Mablanketi madirishani kuzuia mwanga. Watu mpaka mlangoni. Mwalimu na Mama Bhoke viti vya mbele kabisa. Marwa alisema maneno machache kwanza, akamshukuru mwalimu wake. Alitamka kila neno.

Walicheka tangu koti. Ilipofika hotuba, wazee wa nyuma walianza kuisema pamoja naye, midomo inacheza, kama wafanyavyo siku zote. Midomo yao ikaenda kwenye msamaha, yeye akaenda kwenye zizi. Kidogo wakashangaa. Halafu na wao wakacheka.

Mwalimu akamgeukia mkewe. Masikio yake mazito, husema kwa sauti kubwa, kwa hiyo sote tulisikia.

"Huyu mzee nani kamleta huku? Mgonjwa huyu. Mrudisheni kwao."

Walidhani anatania. Hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo. Mama Bhoke hakugeuza shingo. Alikuwa ameshika kofia ya mumewe mapajani.

Mlangoni Mwalimu alimpa Marwa mkono. "Umetamka vizuri leo, mura." Marwa alibaki ameushika ule mkono. Mwalimu ndiye aliyeutoa.

Jumatano, 21 Agosti
Kipande kimo kwenye kila simu. Wateja wangu wanakirudia chini ya drayer. Mmoja kaniambia mimi mbaya, najua kuchekesha. Dar wamejibu, wanaitaka filamu. Nilidhani sitalala. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 29 Agosti
Mama Bhoke amekuja saluni. Hakuja kusuka. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kiti cha wateja.

Alisema Mwalimu siku hizi hatoki. Alisema fundi wa kamera amemwambia kuna ile ya asubuhi, aliyosema yote. Anaiomba hiyo tu. Wajukuu waione.

"Ilifutwa, mama."

"Na nani?"

"Mimi ndiye niliyesema ifutwe."

Aliniangalia kwenye kioo. Hakulia, hakunitukana.

"Lakini ulikuwepo. Ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Nisemee basi."

Nikazima drayer. Nikaisema, naijua yote. Mke wangu, nimekutafuta kwingine kote. Sikuruka neno. Yeye alitazama barabarani, kichwa ameinamisha kidogo, kama anayesubiri mtu. Nilipomaliza aliendelea kusikiliza.

"Hapana," akasema. "Yeye haisemi hivyo."

Akajifunga khanga vizuri, akaniaga, akaondoka.

Mteja wa saa nane alikuwa amefika. Nikamfunga taulo shingoni.