Mlango Uliosimama Bila Nyumba

Mama mpendwa,

Jana fundi alikuja kupima chumba cha mbele hapa Dandora, akacheka. Eti nyumba ya mawe haiwekwi mlango wa kibanda. Nikamwambia ajenge ukuta uufuate mlango. Ungekuwepo ungejua huyu ni binti yako.

Siku ile tuliyobomolewa Mathare, wenzako walikimbilia masufuria na magodoro. Wewe uling'oa mlango. Ukanitia bawaba mfukoni mwa sweta ya shule, ukajitwika mlango kichwani, tukavuka mto. Nilikuwa na miaka kumi na niliona haya. Mama Akinyi, jirani yetu, akauliza kama utaupika. Ukazidi kutembea.

Baba alikuwa Thika kwa kibarua cha wiki nzima, hana habari. Angerudi Jumamosi akute vifusi. Hilo ndilo lililokunyima usingizi, wala si baridi. Siku zile nilijua kwamba mtu akikosa nyumba hukosa hata mahali pa kutafutwa. Mwalimu aliniuliza ninakaa wapi, sikuwa na pa kutaja, akaniandika mtoro kwa siku nilizokosa. Majirani tuliokuwa tukiombana chumvi walitawanyika, na wengine sijawaona hadi leo.

Kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa ukachimbia vigingi viwili, ukaniomba bawaba, ukautundika mlango ukitazama barabara. Ile rangi ya samawati, masalio aliyopewa Baba na muuza nyama wa soko la Burma, ilionekana kutoka mbali. Wapita njia walitucheka.

"Baba yako hajui tuko wapi," ulisema. "Mlango anaujua."

Jumamosi ikapita. Ukawa unaupangusa vumbi kila mara, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jumapili, watu wakitoka kanisani, tukamwona Baba na mfuko wake begani, viatu vyeupe kwa vumbi. Angeweza kupita kando tu, maana ukuta haukuwepo. Alisimama mbele ya mlango akabisha.

"Hodi."

Wewe, ambaye hukuwa umelia tangu tubomolewe, ulijifuta macho kwa leso kwanza. Kisha ukamfungulia.

"Karibu. Umechelewa."

Nakukosa sana, Mama, lakini siogopi tena. Ploti hii ina jina langu, na fundi anamaliza kesho. Baba amekataa kukabidhiwa ufunguo. Anasema atabisha, na mimi najua la kumjibu.

Pumzika, Mama.

Binti yako, mbeba bawaba