Magogo ya Bi Hettie

Jumanne, 8 Agosti

Nimerudi na magunia manne ya kuvumwani, yale majani mafupi yanayofunika magogo, mbichi, laini kama zulia. Tansy mwanangu karuka kwa furaha! Meza zote za harusi yake zitakuwa kijani, kama ile picha ya kwenye simu. Hakuuliza nimeichuna wapi, nami sikusema. Msituni kwa jirani yetu, Bi Hettie. Bila ruhusa. Nilitaka kuchuna magogo mawili matatu tu. Mkono ukanogewa — nikayavua yote.

Alhamisi, 10 Agosti

Jua kali tangu jana. Bi Hettie kaja kunigongea, analia. Kanikokota hadi kwenye misonobari yake. Kainua gogo. Kavu! Chini yake salamanda jike, ndugu wa chura mwenye umbo la mjusi, mwembamba kama penseli, mweusi, vidoa vya dhahabu mgongoni kama kanyunyiziwa vumbi la shaba. Kajikunja kuyazunguka mayai yake. Kakauka nayo.

"Hana mapafu huyu, Verlene. Anapumua kwa ngozi. Ukimnyima unyevu umemziba pua."

Yeye na marehemu mumewe waliwalinda hawa wadudu wake, anavyowaita, maisha yao yote. Hawashuki bondeni, kwao ni huku juu tu, kwenye ukungu.

Kisha akasema aliyeyachuna magogo ni Clell. "Mwanangu wa kumzaa! Kauza kuvumwani anunue pombe."

Clell kaacha pombe mwaka wa pili huu. Najua. Nami nikasema nini? Pole. Pole! Basi.

Ijumaa, 11 Agosti

Kelele ng'ambo ya ua. "Toka kwangu!" Bi Hettie anamfukuza Clell.

Nimepanga meza.

Jumamosi, 12 Agosti

Tansy kaolewa. Kapendeza. Watu wamesifu meza mpaka nikajificha jikoni kuosha vyombo. Bi Hettie hakuja — kichwa, eti.

Jumapili, 13 Agosti

Naandika ndani ya gari. Bi Hettie kaniomba nimlete Clell stendi, yeye hataki hata kumtazama. Tulipoegesha nikaanza: Clell, kuna jambo...

"Nilikuona, dada. Nilikuwa kule juu nakata kuni."

Nikamuuliza, sasa mbona umenyamaza?

Kacheka. "Mimi kashanizoea. Kikivunjika kikombe, Clell. Paka akipotea, Clell. Lakini wewe ndiye unayempikia, unayempeleka kwa daktari. Akikukataa wewe, atabaki na nani? Na mimi huyu?"

Nikamwambia turudi, nitasema mwenyewe. Kasema niache ujinga. Kaenda dukani kununua kahawa — kaniuliza nataka sukari kiasi gani! Mimi!

Nitamwambiaje yule mama? Nianze na yule jike na mayai yake, au nianze na mwanawe?

Basi linakata kona. Clell anatoka dukani, vikombe viwili mkononi, ananiashiria nimpe begi lake.

Nimelikalia, na silitoi.