Utepe Uliotulia Mno

Satellite, Riruta,
Nairobi.
13 Julai 2025

Mpendwa mume wangu, Baba Lenox,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetulinda mpaka leo. Mgongo unaendeleaje? Hao wagonjwa unaowageuza vitandani huko Leeds bado ni wazito, au wamekuhurumia? Mimi ni mzima, ila baridi ya Julai imenishika kifua kidogo. Lenox anataka viatu vingine vya shule. Huyo mtoto anakua miguu tu.

Utashangaa kuona barua na simu ipo. Kwenye simu mimi husema haraka, na wewe unakimbilia zamu. Jumapili iliyopita uliniuliza kama uongeze mkataba wa miaka mitatu, nikakujibu, "Sawa tu, nimezoea." Nikakusikia ukishusha pumzi. Tangu hapo sina amani.

Masomo yangu yanaendelea. Hujawahi kuniuliza sawasawa nasomea nini pale maabara mjini, nami nikanuna nikanyamaza, basi leo utasoma utake usitake. Kioo cha metali ni metali iliyoyeyushwa ikapozwa ghafla mno, atomu zake zikaganda ovyo zilipokuwa, bila muda wa kujipanga. Ndani hubaki sehemu zilizolegea. Tunaziita kasoro, lakini ndizo zinazoiwezesha kupinda.

Juzi nilichukua tepe mbili nyembamba za kioo hicho, zilizotengenezwa siku moja kwa mchanganyiko mmoja. Mmoja ulikuwa umekaa kwenye friji. Mwingine niliuweka ndani ya tanuri wiki nzima, kwa joto dogo lisiloweza hata kuuyeyusha. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ule wa friji niliukunja mpaka ncha zikagusana. Ule wa tanuri ulivunjika kabla sijafika nusu. Daktari Rachael, msimamizi wangu, alifurahi sana, maana ndiyo matokeo tuliyoyatarajia: atomu zilijipanga polepole, ulegevu ukaisha, utepe ukatulia. Mimi nilienda chooni nikalia.

Maana nyumba hii imetulia, Tobias. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado nikipika ugali wa watu watatu, kisha naumia kuutupa uliobaki. Siku hizi sikosei kipimo. Hakuna wa kufungulia mpira redioni kwa sauti ya kuamsha wapangaji wote wa ploti, hakuna anayeacha taulo bichi kitandani, hakuna wa kugombana naye. Mwezi jana Selpher wa mlango wa pili aliniambia, "Mama Lenox, siku hizi umetulia hivi, kwani mzee alirudi?" Tukacheka. Nilipoingia ndani nikagundua sikuwa nimekuwaza tangu asubuhi, na haikuniuma. Niliogopa sana siku hiyo.

Sababu zako zote nazijua, na ni za kweli. Lakini lile neno nililokupa si ruhusa, nalirudisha. Usitie sahihi. Siogopi kuumia kwa kukukosa, hilo nalijua na naliweza. Naogopa ushuke uwanja wa ndege nikupokee vizuri, kwa adabu, kama mgeni wa kanisa.

Dada yako Maureen anakusalimu, na mama kule nyumbani anasema usivue sweta. Nisalimie Wambua mnayeishi naye. Mungu akufunike huko, na akulete nikiwa bado na hasira nawe.

Wako akupendaye,
Everlyn