Miwani Iliyobaki Msumarini

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ugonjwa wa siku nne ulipokuchukua. Kiti chako cha jikoni kipo pale pale. Hakuna anayethubutu kukikalia, ila paka.

Kwa miaka ishirini na sita ulikuwa muuguzi wa chumba cha mishipa ya moyo, ukisimama kando ya mgonjwa huku mashine ya eksirei ikimmulika. Kazini walikuita Mama Pumua. "Vuta pumzi, baba. Ishike. Haya, pumua." Hata sisi ulitutoa miiba kwa maneno hayo hayo.

Aproni ya madini ya risasi uliivaa kila siku. Miwani ya kukinga mionzi uliiacha msumarini. Ilikuwa nzito, kweli, lakini sababu yako ilikuwa nyingine. "Mgonjwa amelala macho, na sote tumefunga barakoa," ulisema. "Akinitafuta, aone nini? Vioo?"

Mionzi haina harufu wala haiumi. Ukungu machoni ulikuja polepole. Ulitia chumvi mara mbili, tulipokohoa ukasema tunadeka. Ulilisalimu koti la Baba lililotundikwa mlangoni, ukanuna lilipokunyima jibu. Tulicheka sana siku ile. Hatukujua.

Kila mwaka mlipimwa macho kazini, na kila mwaka ulifaulu. Kumbe ubao wa herufi ulikuwa umeuhifadhi kichwani, kwa kuwa wewe ndiye uliyewasimamia wenzako wakipimwa. Uliogopa kuondolewa chumbani. Kisha akaja daktari mpya wa macho, akabandika ubao mwingine, nawe ukamsomea ule wa zamani wote bila kukosea hata herufi moja. Daktari akakumulika machoni. Mtoto wa jicho, akasema, macho yote mawili, na mionzi ina mkono wake.

Tulikukasirikia, Mama. Tunasema wazi kwa kuwa hukupenda unafiki. Ulituhimiza kunawa mikono hadi viwikoni, wewe mwenyewe ukajisahau. Mganga hajigangi.

Baada ya upasuaji wa macho uliitazama nyumba, ukauliza, "Kumbe mnaishi kwenye vumbi lote hili?" Ukaomba ufagio. Halafu ukamgeukia kitinda mimba wako, ambaye wiki ile alikuwa amepangiwa kazi chumba kile kile.

"Umekonda, mwanangu. Na miwani utaivaa."

"Na mgonjwa je, Mama?"

"Utainama."

Basi anaivaa. Juzi mzee mmoja aliyelala chini ya mashine alilalamika kwamba hamwoni anayemsemesha. Binti yako akainama mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Sasa unaniona, baba?"

"Nakuona."

"Haya, vuta pumzi."

Tunaokukumbuka ni mumeo, ambaye koti amelihamishia kabatini, wanao watatu, dada yako, wajukuu zako, na wenzako wa chumba cha mishipa, ambao sasa kila mmoja ana miwani yake usoni, na ule msumari wameung'oa.

Hutatutoka moyoni, Mama.